Koili Niliyoionyesha Uani

Nilikuwa natengeneza simu Kawangware, lakini nyumbani kwangu kulikuwa Lindi, Kibera, kwenye ploti ya vyumba vinane vya mabati. Mteja mmoja aliniachia kisahani cha kuchajia simu bila waya, akasema kimekufa, nikitupe. Sikukitupa. Niliifufua bodi yake, nikairekebisha iwake bila kusubiri simu, kisha nikazungusha koili ya pili, mfano wa ile iliyo ndani ya kisahani, kwa waya mwembamba wa shaba na kuiunganisha na kitaa cha tochi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, niliwaonyesha uani. Ile bodi niliifunika kwa leso. Ilikuwa na vidude vingi, nikaona itawatisha bure. Niliposogeza koili ya pili karibu na ya kwanza, kitaa kikawaka.

"Fundi, na hiyo stima inapitia wapi?" akauliza jirani yangu wa ukutani, mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa.

Nililipenda lile swali. Nikamweleza polepole: stima ikienda na kurudi ndani ya koili ya kwanza, inazaa nguvu ya sumaku pembeni yake. Sumaku hiyo ikibadilika-badilika ndani ya koili ya pili, inasukuma stima mpya humo. Kinachovuka hewani ni sumaku.

"Na ukuta je?"

Nikaweka kipande cha ubao katikati. Kitaa kiliendelea kuwaka.

"Ai! Sasa wale wa kukata waya wakikuja, watakata nini?"

"Watakata hewa!" akadakia mwingine, na ua mzima ukacheka.

Nami nilicheka. Nikamwambia yule jirani, "Umeshika vizuri sana, mama. Hata wewe unaweza kutengeneza hii."

Sikujua alikuwa anauliza kwa dhati. Stima yetu ilikuwa ya kuunga bila kibali, kila chumba na waya wake uliopita juu ya mabati. Wakaguzi walipoonekana kule chini, mtu aligonga sufuria na kila mmoja akauvuta waya wake ndani. Wengine tulikaa bila stima hadi wapite, basi. Yeye alikuwa na mayai kwenye sanduku la mbao, chini ya balbu, na kila sufuria ilipogongwa yalipoa. Mayai hayo alipewa na mwenye ploti mmoja wa Kawangware, mama wa huko tangu zamani, kama jaribio. Yakianguliwa vizuri, angekabidhiwa banda zima la kuku alisimamie, aachane na kufulia watu nguo. Kifaranga huchukua siku ishirini na moja.

Siku ya kumi na nane, mimi nikiwa kazini, aliukata waya wake na kuuzungusha koili mbili, nadhifu kabisa. Moja aliiunga nje kwenye laini, nyingine akaiunga na balbu ndani, kando ya sanduku. Katikati kulikuwa na ukuta wa mabati.

Waya mfupi uliozungushwa, ukiungwa kwenye laini bila ile bodi, ni sawa na kugusanisha nyaya mbili. Laini ililipuka, ploti yote ikazima. Alilifunga sanduku kwa blanketi, akabadilisha chupa za maji ya moto mchana kutwa. Niliporudi, makaa yalikuwa yamemwishia. Niliunganisha waya mpya, balbu ikawaka. Tulingoja siku tatu, tukaongeza mbili. Hakuna yai lililopasuka.

Alivunja moja mbele yangu. Kifaranga kilikuwa na manyoya tayari.

Nilikwenda Kawangware kumweleza mwenye mayai kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza akiwa amesimama langoni. "Kwa hivyo wewe ndiye fundi wa stima ya hewani," akasema. "Banda nimeshampa mtu mwingine."

Niliporudi, jirani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinivutia kigoda, akasema, "Haya fundi, niambie ile sehemu uliacha."

Nikaitoa ile bodi, safari hii bila leso. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo inayoigeuza stima huku na huku mara nyingi mno kwa sekunde, na bila hiyo koili ni waya tu. Kwamba sumaku inapita kwenye ubao lakini bati linaizuia. Kwamba hata kukiwa na bodi, ukisogeza koili zaidi ya upana wa vidole viwili, kitaa kinazima. Nikasogeza. Kikazima.

Alielewa mara moja.

"Hapa ndipo ungeanzia," akasema, akainuka kwenda kuanua nguo za watu.