Jina la Mdogo Wangu na Kadi za Barafu

Harufu ya gundi ya viatu ndiyo inayonirudisha Guangzhou. Si gundi kavu ya dukani, bali ile iliyopata unyevu, ya viatu vilivyokaa kwenye maboksi katika msimu ambao kuta za mji mzima hutoa jasho. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi ghorofa ya saba, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, katika chumba kimoja na sebule ambayo haikuwa sebule tena kwa sababu mama alikuwa ameigeuza ghala. Maji yalichuruzika juu ya vigae, nguo hazikukauka siku tatu, na mimi sikuweza kutulia. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikafungua friji bila njaa, nikaenda tena dirishani. Mlangoni yalisimama masanduku mawili makubwa, yamefungwa tayari, maana mama alikuwa mjamzito na alitakiwa kurudi kwao Mombasa kujifungua. Kila wiki safari ilisogezwa mbele. Alikuwa akisubiri oda ya sandali za kike kutoka kwa bosi mmoja wa soko la Liuhua, karibu na stesheni ya treni, na bosi huyo, laoban kwa Kichina, kila siku alimwambia "mingtian", yaani kesho. Mama alirudi jioni na miguu iliyovimba, akajitupa juu ya boksi. "Laoban asema mingtian," alikuwa akisema. "Mtu huyu na hizo mingtian zake, ntakuja kuzalia papo hapo sokoni." Tulikuwa tukicheka. Najuta kwamba tulicheka.

Baba yeye alikuwa mtu wa Tabora, aliyekuja China kwa ufadhili wa masomo kusomea jiografia, na mwaka ule profesa wake alimpa kazi ambayo mama hakuiheshimu hata kidogo. Wachina walikuwa wakikusanya majina ya milima, rasi, ghuba na visiwa vya Antaktika na bahari zinazoizunguka, pamoja na sababu ya kila jina, na baba alitakiwa kusoma maelezo ya Kiingereza na kuyaandika kwa ufupi kwenye kadi. Kadi zilijaa maboksi manne ya viatu, nayo yalikuwa maboksi pekee ya nyumba ile ambayo mama hakuruhusiwa kuyagusa. Hebu fikiria: nje joto la kunata, watu wanasukuma mikokoteni ya marobota huku wakipigiana kelele kwa lugha sita, na baba yangu ameinama juu ya meza akiwa na fulana, anaandika habari za barafu. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga kwa alfabeti. Niliifanya vibaya kwa sababu nilikuwa nazisoma.

Nilijifunza kwamba kule hakukuwa na wenyeji wa kuulizwa pale panaitwaje, kwa hiyo kila aliyefika alipaita alivyojisikia. Nahodha Mfaransa alimkumbuka mke wake, akaipa nchi nzima ya barafu jina la mkewe. Wachina walijenga kituo chao na ghuba iliyokuwa mbele yake wakaiita kwa jina la ule Ukuta Mkuu wa kwao. Kuna Kisiwa cha Tembo, nikamuuliza baba tembo wamefikaje huko, akacheka mpaka miwani ikamtoka: ni sili, wanyama wa baharini, wakubwa wenye pua ndefu. Kuna Kisiwa cha Udanganyifu, ambacho ukikiona kwa mbali ni kisiwa kama vingine, kumbe ni pete ya mlima wa volkano na katikati bahari imeingia ikatulia. Lakini kadi niliyoirudia mara nyingi ilikuwa ya rasi moja katika kisiwa cha Georgia ya Kusini. Nahodha Mwingereza alisafiri kando ya pwani ile akiamini ameligundua bara kubwa la kusini. Alipofika kwenye rasi hiyo akaona pwani inajikunja kurudi alikotoka, akajua kwamba ni kisiwa tu. Akaiita rasi ile Kuvunjika Moyo. Nilikasirika kweli. "Sasa rasi imekosa nini?" nilimuuliza baba. Baba alifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaniambia nirudishe kadi mahali pake.

Mimi naitwa Tabu. Na kwa desturi ya kwetu, mama aliitwa Mama Tabu na baba Baba Tabu, kwa hiyo jina langu lilitajwa mchana kutwa hata nisipohusika. Wafanyabiashara wa Kikongo walilijua, mwenye nyumba alilijua, hata yule bosi wa mingtian aliita "Mama Tabu! Mama Tabu!" kutoka mwisho wa uchochoro. Nililichukia. Nilikuwa na ba'mdogo anayeitwa Mashaka na shangazi anayeitwa Sikujua, kwa sababu katika ukoo wa baba jina hutolewa hivi: siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa, bibi, mama yake baba, huuliza hali ya nyumba ikoje. Anayejibu ni mtoto wa nyumba ile aliyekwisha kupata akili, na hujibu peke yake, wakubwa wakiwa wametoka. Kutokana na jibu hilo bibi hutoa jina, na likishatoka halirudi. Tangu mama apate mimba nilijua kwamba safari hii nitaulizwa mimi, na ndiyo sababu hasa iliyonifanya niende dirishani na kurudi.

Mama hakufika uwanja wa ndege wa Baiyun. Uchungu ulimshika asubuhi moja huko huko Liuhua, katikati ya safu za sandali, karibu miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa njiti, akawekwa kwenye mashine ya joto, na siku ya tatu mama akaruhusiwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo nilipoona nyumba inavyoweza kuchafuka bila kitu chochote kuanguka. Masanduku yalibaki mlangoni, hakuna aliyethubutu kuyafungua. Baba alikwenda hospitali kila siku na kurudi na neno lile lile, kwamba wamesema tungoje. Mama alilala akiangalia ukuta unaochuruzika, na walipozungumza walikuwa wakiumizana. Baba akisema kama ungeondoka wakati ule, mama anajibu kama ungeacha hizo kadi zako za barafu ukanisindikiza. Nilitamani niwaunguzie maboksi yote, ya viatu na ya kadi.

Siku ya saba baba alikwangua kadi ya simu, akapiga Tabora, akamwamkia bibi, kisha akanipa simu bila kunitazama. Nilitoka nayo kwenye kibaraza tulipoanika nguo. Nyuma yangu, kabla mlango haujafungwa, mama alikuwa analia kwa sauti na baba anamwambia basi, basi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Haya, niambie. Hali ya nyumba ikoje?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema ukweli. Naapa nilikuwa nimejitayarisha, maana nilifundishwa kwamba anayeulizwa siku ya saba hasemi uongo. Lakini niliufikiria ukweli wenyewe nikauona tayari umegeuka jina, umeandikwa kwenye daftari la shule, unaitwa na mwalimu mbele ya watoto wanaocheka. Nikamwona yule nahodha juu ya merikebu yake, amechoka, amenuna, anainua kalamu.

"Tuna raha, bibi," nikasema.

Bibi akalirudia neno. "Raha?"

"Raha tupu. Mama amelala. Baba anaimba." Baba hajawahi kuimba maisha yake yote.

"Na hicho kilio ninachokisikia?"

"Jirani, bibi. Mambo yao."

Simu ilikoroma, nikadhani salio limekwisha. Kisha bibi akasema, polepole, "Haya. Aitwe Raha." Niliporudi ndani na kulitaja jina hilo, baba alinikazia macho mpaka nikayakwepa. Mama alicheka, kicheko kifupi cha ghafla, halafu akavuta shuka usoni. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa desturi haina pa kubishia.

Nilitegemea nitajisikia vizuri. Badala yake hofu ilinishika usiku na mchana, kwa sababu katika boksi la nne kulikuwa na kadi ambazo baba aliziweka peke yake na kuzifunga kwa mpira. Zilikuwa za visiwa vya bahari ile ya kusini ambavyo manahodha waliviona, wakavipa majina, wakavichora kwenye ramani, na meli zilizofuata zikapita pale pale zikakuta maji matupu. Pengine ilikuwa ukungu, pengine mlima wa barafu unaoelea. Chini ya kila kadi baba alikuwa ameandika: hakikuonekana tena. Nikaanza kuamini kwamba nimefanya jambo hilo hilo. Nimetoa jina kwa kitu ambacho hakipo, na kwa sababu hiyo mdogo wangu, ambaye hata sikuwa nimemwona kwa macho yangu, hataonekana. Sikuweza kula. Kila baba aliporudi kutoka hospitali nilijificha nyuma ya maboksi nisije nikasikia.

Siku ya nne ya mateso hayo nilishindwa. Nilimfuata baba mezani, nikaweka zile kadi zenye mpira mbele yake, nikamwambia kila kitu huku nikilia kamasi: nimesema uongo siku ya saba, ampigie bibi, jina lifutwe kabla mtoto hajafa. Nilingoja kofi. Baba alifungua mpira, akazitazama kadi moja moja, akazifunga tena.

"Ulipozaliwa wewe hapakuwa na mtoto mwingine wa kujibu," alisema. "Nilijibu mimi. Mama yako alikuwa na uchungu siku mbili, mvua imekata barabara, gari limekwama. Bibi aliponiuliza, nikasema mama, ni tabu tupu. Nilikuwa na hasira na barabara, Tabu. Sikuwa na hasira na wewe. Mimi nilisema ukweli, na miaka kumi sasa nausikia ukweli huo ukiitwa kila siku."

Kisha akaniambia nivae viatu. Tulikwenda hospitali kwa miguu, kwa haraka, bila mwavuli, na nikamwona Raha nyuma ya kioo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyoogopa, mwekundu, amenuna, na miguu yake ilikuwa inapiga, inapiga, hataki kutulia. Kwenye kibandiko cha mashine paliandikwa jina la mama peke yake. Baba alimwita muuguzi, akamwomba aongeze jina la mtoto, na yule dada akaliandika kwa herufi za Kichina kadiri alivyolisikia. Niliganda pale kwenye kioo mpaka tulipofukuzwa.

Raha alitoka kwenye mashine mwishoni mwa msimu ule, kuta zilipokauka. Sandali zilifika naye akiwa tayari nyumbani, na nusu ya jozi zilikuwa za mguu wa kushoto tupu. Bibi amekwisha kufariki, sikuwahi kumwomba radhi, na baba, ambaye ni mzee sasa, ndiye aliyerithi kazi ya kuuliza. Juzi Raha, akiwa nyumbani kwangu Dar es Salaam, alitimiza siku saba tangu ajifungue mtoto wa kike kwa upasuaji. Umeme ulikuwa umekatika, mshono unamuuma, na mimi nilikuwa nazunguka kutoka jikoni hadi dirishani kama zamani. Aliyejibu alikuwa binti yangu Zuhura, mwenye miaka tisa. Raha alibaki kitandani kwa sababu ya mshono; mimi nilitoka chumbani lakini nilisikiliza mlangoni, sitasema uongo. Mtoto yule hakuficha kitu. Alimwambia babu yake kwenye simu habari za umeme, za mshono, za mama mdogo kulia, hata za mimi kuzungukazunguka. Kisha nikamsikia baba kwenye spika akisema kwamba yeye jina halimtoki, wampe mpaka kesho, aliwahi kukosea mara moja.

"Baba, mbona jina lipo," Raha akasema kutoka kitandani. "Naomba Tabu."

Nilisukuma mlango nikaingia, nikasema hapana, mtoto hana kosa, asibebeshwe. Nilikuwa nimekasirika kama siku ile ya rasi. Raha hajui nilichomfanyia kule kibarazani, wala baba hajawahi kumwambia. Alinishangaa tu, mtoto kifuani.

"Asibebeshwe nini?" aliniuliza. "Tabu si jina la dada yangu?"

Kwenye simu baba alikuwa anafuta miwani, naijua sauti ya ule ukimya. Niliinama, nikampokea mtoto. Sasa nyumbani kwangu mimi ni Tabu Mkubwa, na ikitokea mtu ameita Tabu tu, tunageuka wawili.