Nyundo ya Kwenda Kambini

Mti wa mulombwa ukiwa mbichi una harufu tamu kidogo, na ukiukata hutoa utomvu mwekundu unaogoma kutoka vidoleni hata ukisugua kwa sabuni. Julai ile, baridi ikiwa imeishika Lubumbashi barabara, nilishinda uani kwetu nikiwa na mikono ya mchinjaji. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye kichwa kigumu kuliko kipande cha gogo nilichokuwa nakichonga. Kundi la wasichana wa parokia lilikuwa linakwenda kambini kwa lori, na kila mmoja alipewa kifaa cha kuleta. Mimi nilipangiwa nyundo ya mbao ya kupigilia vigingi vya hema, maana nyundo ya chuma ingevipasua. Kiongozi wetu hakuwa mtu wa kubembelezwa: "Mwenye hana kitu yake, asipande mu kamio."

Sikumwomba mtu msaada. Nilikata kichwa cha nyundo, nikakitoboa kwa patasi ya baba, ambaye wiki hiyo alikuwa kazini kwenye mgodi wa Kinsevere, nikapachika mpini. Ilipendeza, lakini mti ulikuwa bado umejaa maji, na safari ilikuwa kesho yake. Basi nikafanya ujanja wa kijinga: nikaiweka kando ya mbabula, jiko letu la mkaa, ikauke upesi. Maharage hayajaiva, nikasikia mlio mkavu. Kichwa kilikuwa kimepasuka kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Nililia kwa sauti, bila aibu.

Mama aliacha kuosha sombe, majani ya muhogo, akaja kutazama. "Ni nani alikwambia muti mubichi banaukaushaka pa moto?" Kisha akauangalia mchi wake wa kutwangia sombe, uliokuwa umeegemea ukuta. Alikuja nao alipoolewa, na ulikuwa umekauka miaka mingi.

"Leta musumeno," akasema.

"Mama, na sombe, utatwanga na nini?"

"Na yenye itabakia. Kesho njo départ, ama?"

Aliukata ule mchi upande mnene, mimi nikatoboa tundu, na kabla jua halijazama nyundo ilikuwa tayari. Kambini ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama saruji, nami nilipigilia vigingi vya mahema yote nikijidai sana. Niliporudi nilimkuta mama akitwanga kwa mchi mfupi, ameinama hadi uso unakaribia kinu. Aliendelea hivyo miaka na miaka, asinikumbushe hata mara moja. Niliona haya kumshukuru, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi naishi Golf, mtaa wa wenye nacho. Mwezi uliopita binti yangu aliambiwa apeleke nyundo kambini. Nilisimamisha gari mbele ya duka, nikatoka na nyundo ya mpira kabla hajamaliza soda yake. Ni nyundo nzuri, haipasuki. Ila nyumbani kwangu hakuna kitu kilichopungua kwa ajili ya nyundo hiyo, na binti yangu aliisahau huko huko kambini, wala hakuna aliyeiulizia.