Kamera yangu imeniaibisha kwa bibi

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Filamu imerudi leo kutoka kusafishwa. Picha zote za bibi yangu wa Ikinga ni ukungu mtupu, na alivaa gauni la kanisani kwa ajili yangu.

Nikichungulia kwenye kamera wakati napiga, nilimwona safi kabisa, hadi mikunjo ya uso.

Nikamvaa fundi anayenitengenezea kamera hapa Tunduma, mimi niliyepiga picha za harusi mpaka Ndola.

"Umeniharibia lenzi."

Akaifungua. "Lenzi nzima, kaka. Hiki kioo cha kulengea, unachochungulia, kimegeuzwa, ndiyo maana jicho linadanganywa: linaona safi, filamu inapata ukungu. Nani alikitoa?"

Mimi. Nilikuwa nafuta vumbi.

Nikampigia bibi kuomba radhi.

"Njoo Jumapili, mjukuu wangu. Ila njoo na simu."

Haya, chekeni hapo chini. Jumapili nabeba kamera ileile.