Hema la Kaladiamu

Chama chetu cha akina mama hukutana nyumbani kwa kila mmoja kwa zamu. Mwezi ule tulikuwa kwa mwenzetu mmoja hapa Bungoma, na nakumbuka tulipiga picha na mimea yake zaidi ya tulivyopiga naye mwenyewe. Wala hayakuwa maua. Yalikuwa majani matupu: mekundu, meupe, mengine ya waridi yenye mishipa ya kijani, utadhani mtu aliyapaka rangi kwa brashi moja baada ya jingine.

"Yanaitwa kaladiamu," alituambia polepole, kama mwalimu wa chekechea.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mbele ya nyumba yangu kulikuwa na sukuma wiki. Nilizing'oa zote jioni ile ile, na mume wangu akala ugali kwa mayai wiki nzima bila kuuliza kitu. Ni mtu mpole, nami nimeufaidi upole wake kwa miaka mingi.

Jumamosi iliyotangulia zamu yangu nilikwenda Kitale, kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara. Muuzaji alikuwa mama wa makamo aliyevaa gambuti na kofia ya sufu. Alinipitisha chini ya wavu mweusi alikooteshea kaladiamu zake, nami nikatembea nikitikisa kichwa kama mtaalamu aliyetumwa kukagua.

"Mama, hii ni ya kivuli," alisema. "Inataka udongo wenye maji maji na samadi iliyooza. Ukiiweka kwa jua la Bungoma itaungua kama chapati."

"Lakini nataka ikae kwa geti."

"Geti iko na mti?"

"Geti iko na taa."

Alinitazama kidogo, kisha akanivuta hadi kwenye krotoni, zenye majani magumu ya manjano na mekundu. "Basi kwa geti weka hii. Hata ukiitukana haifi."

Nilimwambia krotoni ni mmea wa ofisi ya chifu. Kila zahanati ninayoijua ina krotoni, na mimi sikuwa nikijenga zahanati. Nilichagua kaladiamu ishirini, nyeupe zaidi, kwa sababu nyeupe ndizo zilizoonekana kuwa na elimu. Nikaongeza masikio ya ndovu matatu, yale yenye majani mapana kama sinia. Yule mama aliyafunga kwa magazeti, akasema tu, "Haya, Mungu akusaidie."

Nilizipanda pande zote mbili za geti, mahali ambapo hakuna mpita njia angeweza kuzikosa. Kufikia Jumatatu zile nyeupe zilikuwa zimetoboka matundu ya kahawia. Kufikia Jumanne zilikuwa zimelala chini kama leso zilizoanguka. Siku hiyo hiyo mume wangu aliondoka kwenda Nakuru kwa semina ya kazi, na wageni wangu walikuwa wanakuja Jumamosi.

Hapo ndipo nikapata lile wazo. Nilikuwa tayari nimekodi hema la wageni. Nilimpigia mwenye hema nikamwomba alilete Jumatano, alisimamishe pale pale getini, juu ya kaladiamu, zipumzike na jua. Ombi hilo halikumshangaza. Alileta hema jeupe, na kwa mazoea ya kazi yake akapanga viti vya plastiki kwa safu, vyote vikitazama nyumba.

Mtu yeyote wa Bungoma anajua maana ya hema na viti getini siku ya kazi. Mimi peke yangu ndiye niliyesahau.

Jirani wa kwanza alikuja Alhamisi asubuhi. Ni mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Pole sana, dada. Sisi sote ni wa kurejea." Nilidhani anaongea juu ya kaladiamu, maana zilikuwa zimekwisha kweli. Nikamjibu, "Asante, mzee. Nilifanya nilivyoweza." Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniachia kilo mbili za sukari.

Baadaye walikuja akina mama watatu wa kanisani na maziwa na majani ya chai. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ariugua siku ngapi?"

"Tangu Jumatatu," nikasema. "Ni jua."

"Jua!" Waliangaliana. Kisha mmoja akaanza kuimba, wale wengine wakaitikia, na mwimbo ule nikautambua: ni wa matanga. Ndipo akili ikanirudia. Mume wangu hakuwa ameonekana mtaani tangu Jumanne.

Sikupata nafasi ya kueleza. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaingia getini. Habari zilikuwa zimemfikia kwake Sirisia: kuna tenti kwa mwanao, na simu yake haishikwi. Alikuwa amefunga leso kiunoni, mikono kichwani, akimwita mwanawe kwa jina alilompa akiwa mtoto. Nilimkimbilia, nikamkumbatia. "Mama, yuko hai! Yuko semina, ndiyo maana amezima simu!"

"Usinidanganye, mwanangu. Nionyeshe mwili."

Tulihangaika na simu hadi saa kumi, mume wangu alipoiwasha yake kikao kilipoisha. Mama mkwe alisikiliza sauti yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akalia upya, safari hii kwa hasira. Nami nililia naye. Kwa muda wa saa chache nilikuwa nimemwona mama akimzika mwanawe kwa sababu yangu, na hilo halikunichekesha siku ile.

Alipotulia alifuta macho, akayatazama masikio ya ndovu, yanayofanana na magimbi. "Kwa hivyo tenti ni ya hii nduma?"

"Si nduma, Mama. Hailiwi. Ni ya kuangalia tu."

"Ati ya kuangaria."

Aliomba jembe. Alizing'oa kaladiamu zote pamoja na masikio ya ndovu, akakata majani yaliyoungua, akavipanda vile viazi vya mizizini nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, pale maji ya bafu yanapotokea. Ijumaa alikaa nami kupika.

Jumamosi wenzangu walikuta geti halina mmea, ni hema tu juu ya udongo uliochimbwa. Walikunywa chai ya matanga kwa sukari ya matanga, wakaisifu. Hakuna aliyeniuliza juu ya bustani. Wote walitaka kujua juu ya maiti.

Wiki chache baadaye kaladiamu zilichipua tena, nyeupe kabisa, zikijaza kivuli chote kile. Wanaoziona ni watu wanaokwenda kuanika nguo, yaani mimi. Mwenzetu mwenye zamu iliyofuata aliziona kwa bahati akaniomba viazi vitano. Nilimpa. Nikamwambia zinataka kivuli, akanijibu kwamba yeye atazipanda kwa geti, kwa sababu kwao geti ni kubwa.