Jembe Lililorushwa Juu

Asubuhi ile tulikuwa tunalima shamba la Mama Yohana, karibu na Songwa, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha udongo. Kwetu Usukumani hatulimi kimya. Ngoma inapigwa, manju anaongoza wimbo, mstari mzima wa majembe unapanda na kushuka pamoja. Mwenye mbwembwe hulirusha jembe lake juu, likazunguka hewani, akalidaka bila kupoteza pigo.

Manju wetu alikuwa rafiki yangu Yohana. Yeye na mama yake walikuwa wamebatizwa, wakazitia nyimbo za majembe maneno ya Yesu. Baadhi ya wakubwa wa kanisa walinuna. Mama Yohana alisema Mungu ndiye aliyempa mwanawe sauti ile, na mikono ile ya kurusha jembe. Mimi sikuwa Mkristo. Niliitikia tu kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu.

Mazao hayajakomaa, mtemi akatakiwa atoe vijana wa kwenda vita ya Wazungu. Tulichukuliwa sote wawili. Siku ya kuondoka, Mama Yohana alinivuta pembeni.

"Shija, huyu akifurahi husahau alipo. Nichungie."

"Nitamchunga, Mayu," nikamjibu, maana nami nilimwita mama.

Walitupeleka Burma kupigana na Wajapani, na Burma ilikuwa mvua, matope, ruba na homa. Wengi wetu tuliacha hata kuongea. Yohana aliimba. Watu walimjia jioni kama majirani wanaoomba kijinga cha moto: Wanyamwezi, Waislamu wa Pwani, hata kuruta mmoja aliyekuwa akiilaani siku aliyozaliwa. Aligawa biskuti zake, akagawa na wimbo. Sijui aliitoa wapi furaha ile, ila nami niliitaka. Kasisi wa kikosi akanibatiza kwa maji yaliyotekwa na kofia ya chuma. Yohana alicheka mpaka akatokwa machozi.

Siku iliyofuata jua lilitoka. Tulikuwa tunachimba mahandaki juu ya kilima, Yohana akituongoza kwa sauti ya chini.

Beleshi lake lilikuwa jipya. Akalirusha.

"Yohana, acha."

Lilizunguka, likameta juani. Akalidaka, akanitazama akicheka.

Kombora la kwanza lilianguka nyuma yetu.

La pili lilimwangukia.

Kaburi tulilichimba baadaye, kila mtu na pigo lake, tukigongana viwiko. Ndipo nikaanza wimbo wake, kwa kunong'ona, na mabeleshi yakaanza kushuka pamoja.

Vita ilipokwisha nilishuka kwenye treni Shinyanga, nikaenda kwa miguu. Nilimkuta Mama Yohana shambani na watu wake. Aliponiona niko peke yangu, aliweka jembe chini. Kwetu msiba ukiingia shamba halilimwi, na mstari mzima ukaweka majembe chini bila kuambiwa.

"Ilikuwaje?"

Nilitamani kumficha. Nikashindwa.

"Alirusha beleshi, Mayu. Adui wakaliona likimeta."

Alikaa pale pale kwenye udongo.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kurusha," akasema.

Nikaketi kando yake. Sasa nimezeeka, nakaa Geita, naongoza kwaya, na bado nayasikia maneno yale.

Matanga yalipokwisha, watu walirudi shambani kwake. Ngoma ililia lakini hakuna aliyethubutu kuanza wimbo. Mama Yohana alitazama mstari, kisha akalirusha jembe lake. Lilipanda kidogo tu. Alilidaka kwa mikono miwili.

"Haya, Shija," akasema. "Imba."

Niliimba, nikilia, na watu wakaitikia. Furaha ilikuwemo, siwezi kuikana, na ilituuma sote. Tulipofika mwisho wa shamba tukageuka. Mahali pa Yohana katika mstari hakuna aliyekuwa amepachukua, na ukanda mwembamba wa majani ulibaki umesimama katikati ya udongo mweusi.

Mama yake alirudi mwanzo wa shamba, akaulima peke yake, akiimba. Sisi tulisimama, tukimwitikia.