Mwanapili anapima misuli kabla ya kisu

Saa moja na nusu asubuhi Mwanapili Usi ameshavua viatu, amevaa kandambili za chumbani, na anakata tumbo la mtu kwa kipanya cha kompyuta. Damu haimtoki mtu. Tumbo lenyewe ni picha ya CT, kipande chembamba kama cha mkate wa boflo, kilichopita usawa wa kiuno.

Anazungusha mstari mwekundu taratibu kuizunguka misuli, mafuta anayaacha nje.

"Mafuta yana makelele, yanajaza picha nzima," anasema bila kugeuka. "Mimi nnamtafuta mnyonge aliyejificha nyuma yake."

Mwanapili, 38, mzaliwa wa Kidichi, ni fundi wa picha katika hospitali moja ya mjini Unguja. Miaka tisa kazi yake ilikuwa kupiga picha na kuzipeleka kwa daktari. Miaka miwili iliyopita alijifunza kupima misuli, kwani aliyepungukiwa nayo hupona kwa shida baada ya kupasuliwa. Kidonda huchelewa kufunga, kifua hushika maradhi, na wengine hawainuki tena.

Mizani haiyajui hayo. Bi Mize Kheir, 61, mkulima wa mwani wa Kiwengwa, alipanda mizani Februari ikasoma kilo 79. Alikuwa na uvimbe kwenye utumbo, na siku ya kupasuliwa ilishapangwa. Jamaa zake walitazama mashavu wakashukuru.

Mwanapili alitazama kiuno. Misuli ilikuwa sentimita za mraba 84, chini ya kiwango kwa kimo chake. Alipima mara tatu akitumai amekosea, kisha akapanda ngazi kwa daktari wa upasuaji.

"Nilikasirika kidogo," anakiri Dk. Hamid. "Nafasi ya chumba cha upasuaji nimeipata kwa tabu. Nikamwambia Bi Mize ainuke kitini bila kushika kitu, akae, ainuke tena, kwa nusu dakika. Aliinuka mara nne."

Uvimbe uliruhusu kusubiri, wakampa wiki tano za mayai, samaki, maharage na kutembea.

Misuli ilikuwa imeliwa na mapenzi. Tangu augue, miezi mitatu, Bi Mize alikuwa kitandani. "Walinikataza hata kuinua kata ya maji," anasema. "Mkwe wangu Nadra ananilisha uji mtamu, kama mwari."

Kutembea kukaleta mtihani mwengine. Watu wakienda kumtazama mgonjwa hutaka wamkute amelala. Akikutwa anafagia uani ataitwa mwongo, na vyakula walivyomletea vishaliwa. Basi Bi Mize alitembea uani, na kila aliposikia hodi alikimbilia kitandani, akajifunika kanga, akaguna.

Siku moja roho ilimsuta, akampigia simu Mwanapili.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuharibia kazi. Wageni wamekuja mara saba, nikapanda kitanda mara saba."

"Ukashuka mara ngapi?"

"Saba."

"Basi waombee waje na kesho."

Picha ya pili ilisoma 87. Tatu tu zilizoongezeka, lakini kitini aliinuka mara kumi na moja, Mwanapili akimhesabia. Alipasuliwa Aprili. Siku ya pili alisimama kando ya kitanda, siku ya tisa akarudi Kiwengwa.

Si kila hesabu imekwisha hivyo. Kati ya wagonjwa 63 aliowapima Mwanapili, wanne waliopungukiwa sana walipasuliwa papo hapo kwa sababu maradhi hayakungoja. Wawili hawakurudi nyumbani. Majina yao anayajua kwa moyo.

Sasa ana daftari jipya. Viwango anavyotumia vilipatikana kwa watu wa nchi za baridi, naye hajaridhika. "Hao hawajainama kwenye mwani maji yakiwa magotini," anasema. Anataka vipimo vya Waunguja 300, ili daktari wa hapa amlinganishe mtu wa hapa na wenziwe. Uongozi umemkubalia aanze na kila anayesubiri kupasuliwa tumbo.

Mwezi uliopita Bi Mize alikuja kukaguliwa, mikono ina chumvi ya pwani. Mwanapili akamvutia kiti.

Bi Mize akakitazama, akabaki wima.

"Sikai," akasema. "Nikikaa tu utaanza kunihesabia."