Kaa la Moto la Geesje Harmens

Geesje Harmens, muuza nyuzi wa mji wa Hoorn, Uholanzi, alipokuwa nchi kavu hakumwogopa mtu. Lakini tulipoingia bahari kuu kwenda Amerika, kwa mumewe aliyekwisha kutangulia Manhattan, hofu ilimwingia. Binti yake Fokje alikuwa na miezi saba, na baridi ilikuwa imemkamata vibaya. Midomo ilimbadilika rangi. Mwisho hata kulia akaacha, na hapo ndipo mama yake alipochanganyikiwa.

Tulilala chini ya sitaha, magodoro ya majani makavu yamebanana. Moto huko ulikuwa marufuku kabisa, maana mapipa ya baruti yalikuwa chini ya mbao tulizolalia.

Sasa, wanawake wetu wana mazoea yao: kile kijisanduku chenye matundu, ndani makaa, wanakiweka chini ya sketi na kukanyaga juu yake, hata kanisani. Geesje alikuja na chake. Asubuhi moja ya dhoruba akamwendea mpishi.

"Krelis ndugu yangu, nipe jivu la moto nimkande mtoto."

"Jivu tu, mama. Ukichukua kaa, nahodha atanipika mimi badala ya mbaazi."

Alirudi na jivu, na ndani yake kaa moja alilolificha.

Trijn, jirani yake, akamtazama. "Shoga, mbona umekaa kama kuku anayeatamia?"

"Niache, Trijn."

"Nasikia harufu ya kuungua."

"Ni soksi za mumeo."

Watu tukacheka. Mara meli ikalala ubavu, kijisanduku kikapinduka, kaa likabingirika hadi kwenye majani. Moshi mwembamba ukainuka. Mimi niliwaza ile baruti chini ya mgongo wangu. Geesje akajitupa, akalifumbata kaa kwa mkono mtupu. Trijn akamwaga bia yake yote juu ya majani.

Serahangi Barent, mkuu wa mabaharia, jitu la miraba minne, akashuka. "Nani ana moto?"

Akaiona ngumi ya Geesje.

"Wewe mama, fungua mkono."

Akaufungua. Kaa lilikuwa limegandana na ngozi. Barent akazitazama mbao chini ya miguu yake. "Unataka tufe wote?"

"Mshike mguu kwanza," akasema Geesje, akamwinulia mtoto.

Akaushika; ulikuwa baridi kama barafu. Alikitupa kijisanduku baharini, akarudi. "Njoo."

Alimpeleka kwenye zizi la melini, kwa ng'ombe waliokuwa wakipelekwa mashamba mapya ya Amerika. "Lala hapo katikati."

"Watamkanyaga!"

"Huenda. Lakini baridi itamuua hakika."

Yeye mtu wa mjini, kwato zilimtisha kuliko dhoruba. Alijikunja juu ya mtoto, mgongo kwenye tumbo la ng'ombe, na kila meli ilipoyumba alingoja kusikia mfupa ukivunjika. Trijn alileta kitambaa cha kumfunga mkono, akakirusha kutoka mlangoni, kuingia hakuthubutu.

Mchana tukamwona Trijn anakuja mbio, uso umempauka. Sote tukajua mtoto amekanyagwa.

"Analia!" akasema. "Fokje analia, anataka ziwa!"

Geesje alikaa humo mpaka tulipoiona nchi. Mumewe alipompokea alirudi nyuma kwanza, kwa harufu ya samadi. Siku hizi wana ng'ombe wawili wao wenyewe. Mkono wa Geesje haukunjuki vizuri, na ng'ombe bado anawaogopa. Fokje ndiye anayekamua.